Nimeonya mpaka nimechoka, nyumbani na kazini hakuna anayebadilika

Swali: "Mshauri, habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 12. Tulikubaliana simu izimwe saa tatu usiku, lakini kila siku ni vita. Namwambia mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mwisho nafoka, nampokonya na kumwambia hataiona mwezi mzima. Siku ya tatu narudi nyumbani nimechoka, ananinunia, hali vizuri, moyo unaniuma, namrudishia. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, husema kosa langu ni kumnyima mtoto fimbo, na hunikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kazini nako ni yale yale. Nasimamia watu saba. Mmoja wao ananizidi umri kwa mbali, nilimkuta pale, na hufika amechelewa karibu kila siku. Nimemwonya kwa mdomo mpaka maneno yameniisha. Sasa wengine wameanza kumfuata. Nafikiria kuwakata pesa wanaochelewa. Je, mimi ni dhaifu? Nitasikilizwaje bila kugeuka mkali?"

Dada yangu, nianze na swali ulilolificha katikati ya mengine: kama wewe ni dhaifu. Sioni hivyo. Ninachokiona katika barua yako ni mtu anayemaliza nguvu zake kwenye kusema, kisha inapofika saa ya kutekeleza hana kitu kilichobaki. Hilo linarekebishika, tena bila kubadili tabia yako ya upole. Upole wako ni mali, na nitakuomba usiutupe.

Wala usiamini kwamba watu hawa wanakudharau. Wamekusoma tu. Mwanao anajua neno la kwanza halina uzito, la pili vilevile. Anajua sauti ikipanda amebakiwa na dakika chache. Anajua mwezi wako una siku tatu. Yule mfanyakazi naye anajua kwamba onyo la leo litafuatwa na onyo la kesho. Hakuna aliyewafundisha hayo. Wamejifunza kwa kutazama kinachotokea baada ya wewe kunyamaza. Wakubwa kwa wadogo, sote hujifunza hivyo, na ndiyo sababu matatizo yako mawili yana mzizi mmoja, ingawa baadaye nitayatenganisha, maana mtu mzima halelewi.

Tuutazame mzizi wenyewe. Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio yao marefu, mengi yakiwa ya njiwa waliofunzwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Kazi ya aina hiyo ilionyesha jambo ambalo kila mzazi angefaa kulijua. Njiwa aliyezoea kulipwa kila anapodonoa huacha upesi malipo yanapokatwa. Aliyezoea kulipwa mara moja moja, bila kujua ni zamu ipi, huendelea kudonoa kwa muda mrefu sana hata kama hapati chochote. Kununa kwa mwanao hulipwa kwa mtindo huo wa pili. Leo hakulipi, kesho hakulipi, kesho kutwa kunarudisha simu. Ungekuwa humrudishii kamwe, angeshaacha. Ungekuwa unamrudishia kila mara, angalau ingekuwa rahisi kumzuia siku ukiamua kuacha. Hapa katikati ulipo ndipo pagumu kuliko pote.

Na si yeye peke yake anayefunzwa. Gerald Patterson, aliyefanya kazi miaka mingi huko Oregon, Marekani, akizichunguza familia ndani ya nyumba zao, alieleza jinsi mzazi na mtoto wanavyonasana. Unaporudisha simu, mnuno unaisha papo hapo nawe unapata ahueni. Ahueni ile ni malipo yako, na safari ijayo utarudisha mapema zaidi. Unapofoka, simu inazimwa. Hayo nayo ni malipo, kwa hiyo kesho utafika kwenye kufoka bila kupitia hatua nyingi. Kila mmoja anamlipa mwenzake kwa tabia asiyoipenda, na hakuna mwenye nia mbaya hata kidogo. Nakueleza haya kwa kirefu kwa sababu mzazi akiyaelewa huacha kujiuliza "mtoto wangu ana nini?" na kuanza kuuliza "hapa nyumbani kinacholipwa ni kipi?" Swali hili la pili lina majibu.

Sasa kuna dhana ambayo ningependa uiache leo: kwamba adhabu ikiwa kubwa ndipo itasikika. Mwitaliano Cesare Beccaria, katika kitabu chake kuhusu makosa na adhabu cha mwaka 1764, alishikilia kwamba kinachomzuia mtu kutenda kosa ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake, na watafiti wa uhalifu wa siku zetu kwa sehemu kubwa wamekubaliana naye. Chukua mwezi wako mzima. Umeutangaza ukiwa na hasira, kwa hiyo hukupima kama unawezekana. Anayeutumikia zaidi ni wewe, kwa sababu ni usiku thelathini wa kulinda simu na kubishana. Na kuanzia siku ya pili mtoto hana sababu ya kujirekebisha, maana hata akiwa malaika simu haipo. Siku moja isiyo na simu, inayotimia kila mara bila kelele, inafundisha kuliko mwezi unaovunjika.

Kabla ya kupanga, angalia tofauti hii. "Zima simu saa tatu" ni agizo ambalo utekelezaji wake uko mikononi mwa mtoto. "Saa tatu usiku simu inalala chumbani kwangu" ni jambo ambalo sehemu kubwa yake iko mikononi mwako. Mpaka unaoshikika ni ule unaosema wewe utafanya nini. Huwezi kumlazimisha mtu alale, asinune, akupende, wala aone kwamba una haki. Unaweza kuamua kifaa kinalala wapi na bando linalipiwa lini.

Chagua wakati ambao hakuna ugomvi. Mweleze sababu kwa ufupi: mtoto wa umri wake anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku, na simu iliyo kando ya mto inazila saa hizo. Kisha msikilize kweli. Akisema saa tatu ni mapema mno kwa siku ambazo kesho yake hakuna shule, na ukaona ana hoja, mkubalie pale pale. Mtoto aliyeshiriki kutunga kanuni huipinga kidogo kuliko aliyeshushiwa. Mkishaelewana, taja matokeo: "Simu isipofika kwangu saa tatu, kesho yake inabaki kwangu kutwa nzima. Kesho kutwa asubuhi unaipata na tunaanza upya." Kama anaihitaji kwa masomo au kwa usalama wa njiani, iwe saa za jioni tu. Jipime kwa kigezo kimoja: je, nitaweza kulitimiza hili siku niliyochoka kuliko zote? Kama jibu ni hapana, punguza. Mimi hupendelea matokeo madogo kiasi kwamba mzazi huona haya kuyaita adhabu.

Usiku wenyewe sema mara moja tu. "Saa tatu imefika." Akiileta, mshukuru, na maanisha, wengi wetu tuna maneno mengi kwa mtoto anayekosea na kimya kwa anayetii. Asipoileta, usishindane naye mlangoni wala usimpokonye. Kijana wa miaka 12 si muda mrefu atakuzidi nguvu, na hutaki awe amejifunza kwako kwamba mwenye mkono mzito ndiye anayeshinda. Ondoka. Kesho yake matokeo yaanze: kama simu hukuipata, bando halinunuliwi na intaneti ya nyumbani inafungwa mpaka aikabidhi, na ile siku inaanza kuhesabiwa hapo. Akibisha, una sentensi moja: "Nimekusikia. Kesho kutwa asubuhi unaipata." Usiongeze hoja. Kila hoja unayoongeza anaisikia kama mlango ulioachwa wazi, na ana haki ya kudhani hivyo, kwa sababu mpaka jana ulikuwa wazi kweli.

Tarajia kwamba atazidisha. Malipo yaliyozoeleka yakikatwa, kwanza juhudi huongezeka: mnuno mrefu zaidi, maneno makali zaidi, pengine "mama fulani angeniruhusu", pengine "hunipendi". Hapa ndipo wazazi wengi huacha, wakidhani mpango umeshindwa, wakati kwa kawaida kule kuzidisha ni ishara kwamba mtoto ameona kuna kitu kimebadilika. Ukimrudishia simu kwenye kilele hicho, utakuwa umemfundisha kwamba ugomvi mdogo haulipi ila mkubwa unalipa. Kwa hiyo kama unajua wiki ijayo una safari, mgonjwa au msiba, usianze wiki hiyo. Anza utakapoweza kuvumilia siku kumi za hali ya hewa mbaya nyumbani.

Nimeona ulivyoandika kwamba hali vizuri ndipo moyo unakuuma. Naelewa. Lakini mtoto mwenye afya aliyenuna na kuacha nusu ya chakula chake jioni moja au mbili hadhuriki. Weka chakula mezani, mkaribishe kwa sauti ya kawaida, usimfuate na sahani. Akisha kula, ongea naye mambo mengine kabisa. Mwonyeshe kwamba simu haipo lakini mama yupo. Mwanasaikolojia Diana Baumrind, aliyeanza kuchunguza mitindo ya malezi miaka ya 1960, aliona kwamba watoto waliokuwa wakifanya vizuri zaidi kwa kujitegemea na kujitawala walikuwa na wazazi waliochanganya vitu viwili: joto jingi na msimamo. Wakali wasio na joto hawakupata hayo, na wenye joto wasio na msimamo vilevile. Nadhani joto unalo tele, na kwamba umekuwa ukilitumia kulipia msimamo unaokosekana: unachelewa kurudi kutoka kazini, unajiona una deni kwake, unalilipa kwa simu. Lipa deni hilo kwa nusu saa ya kukaa naye. Kanuni iache ilivyo.

Je, hakuna kusamehe? Kupo. Siku amefiwa na rafiki, siku ana homa, siku timu yake imeshinda, unaweza kulegeza, mradi uamue mwenyewe na utangaze kabla hajaanza kusukuma. "Leo simu ikae mpaka saa nne" ni ukarimu. Yale yale, yakisemwa baada ya saa nzima ya mnuno, ni malipo ya mnuno. Saa ndiyo inayoyatenganisha, na watoto huitambua saa hiyo vizuri sana.

Kuhusu mama mkwe na fimbo. Methali anayokukumbusha ni ya kweli: mzazi anayeogopa kilio cha mtoto hujikuta akilia mwenyewe. Inazungumzia hofu ya kilio, na wewe hofu hiyo unayo, hilo tulikubali. Haikusema popote kwamba ni lazima kilio kiletwe kwa kipigo. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miongo mitano zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Kuchapwa kulikwenda pamoja na ukorofi zaidi, matatizo zaidi ya kihisia na uhusiano mbovu zaidi na mzazi. Hakukwenda pamoja na utii bora wa kudumu. Fimbo husimamisha tabia kwa muda, mbele ya mwenye fimbo, na kwa mtoto wa miaka 12 humfundisha zaidi kujificha. Hata hivyo usimfanye mama mkwe kuwa mpinzani. Mwendee kabla mpango haujaanza: "Mama, nimekubali nilikuwa namdekeza. Naomba unisaidie: akikujia kulalamika kuhusu simu, mwambie neno la mama yako ndilo hilo hilo." Mwenzako naye aelezwe kabla. Nyumba yenye mtu mzima mmoja tu anayerudisha simu kisirisiri humrudisha mtoto kwenye malipo ya mara moja moja, na kazi yako yote inakwenda bure.

Tuje kazini. Hapa tafadhali badilisha mkao. Mfanyakazi si mtoto wako, na akihisi unamlea atakupinga hata pale ulipo sahihi. Tena huyu ni mzee kwako, na naona ndicho kinachokufunga ulimi. Heshima ya umri ina mahali pake: katika salamu, katika sauti, katika kumwita faragha badala ya kumsema mbele ya vijana. Haina mahali katika saa ya kuingia kazini.

Mwite, funga mlango, na uanze kwa kuuliza. Kuchelewa kwa kila siku kuna sababu za aina tatu zinazohitaji majibu tofauti kabisa. Huenda hajui kwamba ni kosa, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuna aliyelihesabu. Huenda hawezi: ana mgonjwa wa kuhudumia asubuhi, usafiri umebadilika, au yeye mwenyewe anaumwa na hasemi. Au anaweza na hataki. Wasimamizi wengi hurukia ya tatu. Ikiwa ni ya pili, pengine kusogeza zamu yake nusu saa kunamaliza kila kitu, na hapo hakuna haja ya adhabu yoyote.

Ikiwa ni ya kwanza au ya tatu, sema wazi, ukitaja siku ya kuanza. "Mzee wangu, nakuheshimu na nitaendelea kukuheshimu. Kuanzia Jumatatu kazi inaanza saa mbili kamili kwa kila mtu, mimi nikiwemo. Ukichelewa nitaandika siku hiyo hiyo na kukuonyesha. Zikifika tatu katika mwezi, itatoka barua ya onyo." Kabla ya kusema hivyo, hakikisha kanuni za kazi pale zinaruhusu utaratibu huo na kwamba wakuu wako watausimamia, hakuna kinachommaliza msimamizi kama barua yake kufutwa na ofisi ya juu. Kisha andika kweli. Siku ya kwanza ya kuandika ndiyo utakayotamani kuiruka, kwa sababu atakuwa amechelewa dakika nne na atakuja na maelezo mazuri. Pokea maelezo, andika dakika nne.

Kuhusu kukata pesa, ningekuzuia kwa nguvu. Kwanza ni suala la sheria. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka makato ya mshahara yafuate masharti ya sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, msimamizi hajitungii. Pili, faini ina namna ya kugeuka. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Vituo sita vikaanza kutoza faini ndogo kwa aliyechelewa zaidi ya dakika 10. Wachelewaji waliongezeka, hadi kukaribia maradufu, na faini ilipofutwa hawakurudi walivyokuwa. Maelezo ya watafiti ni kwamba faini iligeuka bei. Awali mzazi alimwonea haya mwalimu anayebaki akisubiri; baadaye alikuwa ananunua muda. Kwenye timu ya watu saba, haya ya kumwachia mwenzako kazi ya asubuhi ni kitu cha thamani. Usiwauzie.

Wale walioanza kumfuata, usiwaitishie kikao cha wote kwa kosa lililoanza na mmoja. Wanaowahi wataona wanasemwa bure, na mlengwa ataona hasemwi yeye. Zungumza na kila mhusika peke yake, kwa maneno yale yale. Na kama kuna mtu unayempenda zaidi katika timu, mwandike yeye siku akichelewa, tena mapema. Wenzake wanangoja kuona hilo kuliko unavyofikiri.

Yapo mambo ambayo barua haiyatoshi. Kama mwanao anakupiga, anavunja vitu au anatishia, nendeni kwa mshauri wa familia au mwanasaikolojia ana kwa ana, msisubiri mpango wa simu ufanye kazi. Kama amebadilika ghafla, amejitenga, halali, au kula kidogo kumeendelea zaidi ya siku chache, apelekwe kwa daktari. Angalia pia namna anavyoing'ang'ania simu usiku: ikiwa kuna hofu kuliko ubishi, huenda mtu anamtishia au anamdai picha huko mtandaoni. Mtoto wa namna hiyo hastahili kupokonywa, anahitaji kusikia kwamba hataadhibiwa akisema. Na akitamka kwamba anataka kufa au kujidhuru, hata kwa hasira, usimwache peke yake na mpeleke kwenye huduma ya afya siku hiyo hiyo. Wewe mwenyewe ukijikuta unafika kwenye kumpiga na huwezi kujizuia, tafuta msaada kwa ajili yako, washauri hawatashangaa. Kazini, ukifikia hatua ya kufikiria kumwachisha mtu, pata ushauri wa afisa utumishi au mwanasheria wa kazi kabla ya kutamka lolote, na ukihisi nyuma ya kuchelewa kuna pombe au ugonjwa, aelekezwe kwanza kwa wanaotibu.

Usianze vyote viwili wiki moja. Mimi ningeanza kazini, kwa sababu mazungumzo na yule mzee yanaweza kufanyika kesho na huenda yakaisha kwa kubadilisha zamu tu. Simu isubiri mpaka uwe umeongea na mama mkwe na mwenzako, nao wamekubali. Ukishaanza, andika kila usiku saa simu ilipofika kwako na ulisema mara ngapi, na baada ya wiki tatu niandikie tena ukiwa na daftari hilo.